Tangi Jipya Nyanda za Juu: Maji Yanapokataa Kutulia

Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Mbeya mjini

Mugonile ndugu zangu wa Tukuyu na Kyela. Kamwene kwa mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa. Na ninyi wenyeji wa hapa, habari za mchana.

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Nimeombwa nizungumzie maji ya tangi la samaki lenye mimea, hasa tangi jipya, lile ambalo mtu amelipanga mwishoni mwa wiki, likapendeza, akapiga picha akawatumia ndugu, na kabla wiki haijaisha maji yamepauka, samaki wanahema juu juu, na majani aliyoyanunua kwa bei yanalegea na kuchomoka.

Jambo langu nalisema mapema, mwenye haraka ya kuondoka aondoke nalo. Tangi jipya huku kwetu linachelewa kukomaa kuliko la Dar es Salaam au Tanga. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wanaoishi kwenye joto, au wenye hita inayowaka usiku kucha. Wakisema wiki nne, sisi tuhesabu sita hadi nane. Na ukilianzisha Juni au Julai bila hita, ongeza hapo. Shida nyingi mnazoniuliza zinatokana na kuingiza samaki kwenye maji ambayo bado hayajawa tayari kuwabeba.

Kwa nini hayajawa tayari? Samaki akila, anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavuni mwake. Chakula kilichobaki chini kikioza kinatoa amonia. Jani lililokufa, vivyo hivyo. Amonia ni sumu. Sasa, kwenye sponji ya chujio, juu ya changarawe na kwenye mizizi huota bakteria wa aina mbili. Wa kwanza wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia na mmea unaila. Msinichanganyie hayo majina mawili: naitraiti inaua, naitreti inalisha majani. Tangi lililokomaa ni lile lenye makundi yote mawili ya kutosha. Tangi jipya halina hata moja, hata kama maji yake yanang'aa kiasi cha kuona upande wa pili wa sebule.

Bakteria hawa wanapenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka hadi 18, kasi yao ya kuzaana inapungua karibu nusu. Na nani hapa asiyejua kwamba nyumba ya Mbeya mwezi wa saba, asubuhi, haina hata hizo 18? Kwa hiyo kipimajoto ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla ya taa na kabla ya ile meli ya plastiki iliyozama. Hita nayo, kadiria wati moja kwa lita moja ya maji: tangi la lita 60, hita ya wati 60 au zaidi kidogo.

Lakini hita ina gharama yake hapa juu, na hili wa pwani hawatakwambia kwa sababu haliwahusu. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam kwa joto lile lile. Maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi kuliko ya moto, ndiyo maana mito yetu ina uhai. Ukiyapasha hadi nyuzi 26, umepunguza oksijeni mara mbili: mara moja kwa mwinuko, mara ya pili kwa joto. Mwenye hita Mbeya awe na pampu ya hewa, au aelekeze mdomo wa chujio usukasuke uso wa maji. Mimea haitakuokoa hapo. Mchana inatoa oksijeni, usiku inavuta kama samaki wenyewe. Ukitaka kujua hali ya tangi lako, amka kabla hujawasha taa, saa kumi na moja alfajiri, uangalie. Samaki wakiwa wamejipanga juu, midomo imegusa uso wa maji, na mashavu yanapiga haraka haraka, halafu saa nne asubuhi wako sawa, hiyo ni oksijeni. Wakihema hivyo mchana kutwa, shuku amonia au naitraiti.

Nije kwenye udongo, maana hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu tunajiponza wenyewe, na ni kwa sababu sisi ni wakulima.

Mtu anasoma kwamba tangi la mimea linataka udongo wenye rutuba chini, juu yake changarawe. Ni kweli. Basi anachukua jembe, anakwenda nyuma ya nyumba, anachota udongo wa bustani. Udongo huo mwezi uliopita uliwekewa samadi. Au ulipigwa urea. Urea ikiingia kwenye maji inageuka amonia. Mbolea ya DAP ina amonia. Ya CAN nayo ina amonia. Kila nyumba hapa ina nusu mfuko wa kimojawapo stoo, na nimekutana na watu waliochukua kijiko wakatia kwenye tangi moja kwa moja "ili mimea ishike". Mmea wa majini hauhitaji hivyo, na samaki hatafika jioni.

Kuna kibaya zaidi ambacho hakinuki. Mashamba ya kahawa ya Mbozi na Rungwe, na ya viazi na nyanya kila mahali, yanapigwa dawa za ukungu zenye shaba. Mrututu wazee wanaujua. Shaba haiozi. Inakaa kwenye udongo miaka. Ukiuweka udongo huo ndani ya tangi, konokono wanakufa kwanza, kamba wadogo wanafuata, samaki wanadhoofika bila sababu inayoonekana, na bakteria wale tunaowasubiri wanachelewa zaidi. Unaweza kubadilisha maji mwezi mzima usione nafuu, kwa sababu chanzo kimelala chini ya changarawe. Dawa yake ni moja tu: toa udongo wote, anza upya. Ukilazimika kutumia udongo, utafute ambao haujalimwa, uchekeche, uuloweke na kumwaga maji yake mara kadhaa, uweke tabaka jembamba lisilozidi unene wa vidole viwili, kisha ufunike kwa mchanga au changarawe. Na hata hapo, wiki za mwanzo amonia itapanda. Ndiyo maana nasema samaki wasubiri.

Tabaka likiwa nene mno, hewa haifiki chini. Chomeka kijiti polepole: vipovu vikipanda vyenye harufu ya yai viza, udongo umeanza kuoza. Toboa kidogo kidogo kila siku, usiufumue wote kwa mkupuo.

Mchanga mweusi wa mito yetu unapendeza sana chini ya majani ya kijani, nakubali. Ila ni mchanga wa volkano, na mwingine una chembe zenye chuma. Pitisha sumaku juu yake kabla hujaununua ndoo nzima. Zikiruka na kunata, acha, kwa sababu rota ya pampu yako ina sumaku ndani yake, itazivuta na utasikia pampu inakoroma hadi ikwame. Yale mawe mepesi ya Rungwe yanayoelea, tunayosugulia visigino, ni hazina. Yana matundu mengi, na kila tundu ni makazi ya bakteria. Yasafishe, yaloweke mpaka yazame, yajaze kwenye chujio. Watu wa Ulaya wanauziwa mawe ya namna hiyo kwenye pakiti.

Sasa jiwe la Songwe. Hili nimekuja nalo, mwone wote. Lilijengwa na chemchemi za maji moto, ni jiwe la chokaa. Naliwekea siki matone machache hapa kwenye sahani. Mnasikia linavyochemka? Mlio karibu mnaona povu. Jiwe lolote litakalofanya hivi, ukiliweka kwenye tangi litaongeza ugumu wa maji, yaani chokaa iliyomo, na kupandisha pH, kile kipimo cha asidi ambacho namba ikipanda asidi imepungua, siku baada ya siku. Hilo lina hatari yake, na ni hesabu muhimu kweli: kwa maji ya nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Amonia ile ile, kipimo kile kile, lakini jirani yako samaki wake wanaogelea na wako wamelala ubavu. Kwa hiyo mtu asikwambie "amonia yangu inasoma hivi na hakuna shida" bila kukwambia pH yake.

Kabla hamjalitupa jiwe hilo lote mtoni, ngojeni. Maji mengi ya milimani huku ni laini, hayana chokaa ya kutosha, na maji ya mvua ndiyo laini kabisa. Bakteria wetu wanapoigeuza amonia, kazi ile inazalisha asidi na kula ile chokaa kidogo iliyomo. Ikiisha, pH inaporomoka, na ikishuka chini ya 6 hivi, bakteria wanakaribia kusimama kazi. Hapo unapata tangi lililokomaa nusu likakwama: wiki ya tano amonia bado ipo, haipandi wala haishuki, mwenye tangi anachanganyikiwa. Dawa ni kipande kidogo cha jiwe hilo hilo la Songwe, au maganda ya konokono yaliyopondwa, kwenye kimfuko ndani ya chujio. Kidogo. Pima pH kila baada ya siku chache, ikifika 7 na kitu, punguza. Na tangi la namna hiyo, lenye amonia nyingi na pH ya chini, usilimwagie ghafla nusu ndoo kwa nusu ndoo ya maji ya bomba yenye pH 8. Ile amonia iliyokuwa imelala itaamka yote mara moja. Badilisha kwa kopo, kidogo kidogo, siku kadhaa.

Maji ya mvua ya bati nayo: bati lina zinki, na kwenye maji laini zinki ni kali kwa samaki. Kama huna jingine, acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga ya baadaye, uchanganye na ya bomba. Maji ya bomba yana klorini, ambayo ndiyo inatulinda sisi na kipindupindu lakini inaua bakteria wa chujio. Yaache ndoo wazi siku nzima, ukiweka jiwe la hewa yanapona haraka zaidi. Siku yakinuka dawa kuliko kawaida, ahirisha kazi. Na Julai uyachanganye na ya birika mpaka yafanane joto na ya tangi, samaki si viazi vya kutumbukizwa.

Rangi za maji nitazipitia upesi. Ukungu mweupe saa chache baada ya kujaza ni vumbi la changarawe isiyooshwa, litatua. Ukungu mweupe wa siku ya tatu au ya nne ni bakteria wa aina nyingine wanaokula uchafu uliozagaa. Wataisha wenyewe, na kila ukimwaga maji yote unawapa nafasi ya kuanza tena. Punguza chakula, ongeza hewa, tulia. Rangi ya chai inatoka kwenye gogo, haina madhara. Gogo lenyewe likivaa utelezi mweupe, futa au waachie konokono. Vumbi la kahawia kwenye kioo ni la matangi machanga na huondoka. Maji ya kijani kibichi ni mwani unaoelea, na hapo mshitakiwa ni dirisha. Jua la huku juu ni kali jamani, hata siku ya baridi. Sogeza tangi, weka taa saa 6 kwa siku wiki za mwanzo, usizidishe 8 baadaye, na uifunge kwenye saa ya kujizima kama unasahau.

Majani kuyeyuka kunawatisha wengi, nami nawaambia mengi yake si ugonjwa. Mimea mingi inayouzwa imekuzwa nje ya maji, majani hewani na mizizi kwenye unyevu. Ukiizamisha, majani yale ya zamani hayafai tena, yanaoza, na mapya yanaota yakiwa membamba na laini. Cryptocoryne ndiyo maarufu kwa tabia hiyo: unaamka umekuta ute tu. Usiing'oe. Kata kilichooza, kitoe nje ya maji siku hiyo hiyo kwa sababu kikibaki kinakuwa amonia, na shina uliache. Anubias ni kinyume: shina lake nene la kulala likizikwa linaoza, lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo. Kwa wiki za mwanzo jaza mimea inayokua mbio, kama Vallisneria, ambayo Ziwa Nyasa inaota yenyewe, au mimea ya kuelea. Mimea hiyo inakula amonia moja kwa moja, haisubiri bakteria.

Wa Kyela mnacheka, mnasema sisi tunaitoa ziwani bure. Sawa, lakini ioshe, toa konokono wote, na ukiwa mwaloni vaa glavu na buti. Kichocho kipo, na konokono mmoja mwenye vijidudu ataendelea kuvimwaga hata akiwa sebuleni kwako. Gugu maji msilibebe kabisa.

Na kwa kuwa nimelitaja ziwa: mbuna, wale samaki wa rangi wa kwenye miamba, ulimwengu mzima wanawatamani, nasi tunawaona wakiogelea pale Matema. Hawaendani na tangi la mimea laini. Wanachimba, wanatafuna, wanapigana, na wanataka maji magumu yenye pH ya 8 hivi. Hao ndio wapewe mawe ya Songwe, tangi lao peke yao.

Sasa tuseme umeshachelewa, samaki wamo na vipimo vinaonyesha amonia au naitraiti. Acha kulisha siku mbili tatu. Samaki mkubwa hafi kwa njaa ya siku tatu. Badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku, yaliyotolewa klorini na yenye joto sawa, ukikumbuka nilivyosema kuhusu pH. Ikiwa ni naitraiti, mashavu ya samaki yanakuwa ya rangi ya kahawia badala ya wekundu, kwa sababu damu imeshindwa kubeba oksijeni. Hapo chumvi ya kawaida ya jikoni inasaidia: kijiko kimoja cha chai kwa lita 40, kikiyeyushwa kwanza kwenye kikombe. Kiasi hicho mimea haitakijali. Inaizuia naitraiti isiingie kupitia mashavuni, haiiondoi. Kazi ya kubadilisha maji inabaki pale pale, na kila ukitoa maji unarudishia chumvi ya yale uliyotoa tu.

Sponji ya chujio msiioshe bombani. Tafadhali. Chota maji ya tangi kwenye beseni, ikamue humo mara mbili tatu, maji yatakuwa meusi, irudishe ikiwa bado na uchafu uchafu. Ule uchafu ndio mali. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria waliomo ndani ya chujio lililofungwa wanakosa hewa wanakufa. Itoe sponji uiache ielee ndani ya tangi juu juu, na umeme ukirudi uikamue kwanza kabla hujawasha, la sivyo unawasukumia samaki maji yaliyooza.

Na njia fupi kuliko zote, ambayo haiuzwi dukani: kuombana sponji. Mwenye tangi la mwaka mzima, lenye samaki wazima, akate kipande cha sponji yake ampe mwenzake. Ibebwe ikiwa imelowa, kwenye mfuko wenye maji, isikauke wala isikae juani, iingie kwenye chujio jipya siku hiyo hiyo. Nimeona matangi yaliyokomaa kwa nusu ya muda kwa njia hiyo. Majirani tunaombana moto na chumvi, sponji chafu inatushinda nini?

Utajuaje tangi limeiva? Amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti imeanza kuonekana, na hali hiyo imekaa wiki nzima huku ukitupia chembe chache za chakula kila siku kuwalisha bakteria. Hapo ingiza samaki wadogo watatu au wanne kwa lita 60. Kaa wiki mbili, pima. Ongeza wengine. Vipimo vya matone ni ghali kidogo lakini vinadumu, na watu watano mtaa mmoja mnaweza kuchangia seti moja.

Meza ya vipimo iko pale upande wa dirisha. Aliyekuja na maji ya tangi lake kwenye chupa aandike juu yake tarehe aliyolijaza na joto la maji, tuanze na wale ambao samaki wao wanahema leo.